Hadithi zangu zinasemwa vibaya au hazisemwi kabisa. Nifanyeje?

Binti wa Arua
Habarini ndugu. Naandika hadithi fupi kwa Kiswahili. Nikizituma kwenye makundi ya WhatsApp, tiki za buluu zinajaa, halafu mtu anabandika picha za harusi na habari yangu inaishia hapo. Ya mwisho ndiyo iliyojibiwa: mmoja kasema hiki ni Kiswahili cha kambi ya jeshi, mwingine kasema bibi yangu muuza samaki "anaongea kama mwalimu mkuu". Imeniuma kweli. Niendelee?

Mzee wa Bombo
Mwanangu, hayo mawili usiyatie kapu moja. La jeshi halihusu hadithi yako. Wengi hapa Uganda walikijua Kiswahili mbele ya bunduki enzi za Amin, na hofu ile wakawarithisha watoto. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, baraza la mawaziri likaagiza 2022 kifundishwe shuleni, na bado uchungu upo. Liache lipite. La bibi, shukuru! Huyo amekusoma. Hebu bandika maneno ya bibi.

Binti wa Arua
"Mteja wangu, bei hii inatokana na gharama za usafirishaji kutoka Panyimur." (Huko ndiko samaki wanakotoka, Ziwa Albert.)

Mama Wawili, Jinja
Hee, mdogo wangu! Bibi wa sokoni aseme "gharama za usafirishaji"? Atakwambia: "Panyimur ni mbali, mwanangu. Chukua au acha." Mkosoaji wako ana haki.

Kuhusu kimya, watu wanasoma wakiwa kwenye teksi, bando linakata. Na ukiuliza "mnaonaje?" watajibu "nzuri", basi. Mtafute msomaji mmoja, umuulize: ulichoka wapi? Ukifika Kampala ulizia Femrite, chama cha wanawake waandishi, pale Kamwokya, wana kikao chao cha Jumatatu cha kusomeana kazi. Wengi huandika Kiingereza, lakini sikio la hadithi wanalo.

Kijana wa Gulu
Niongeze: mwandishi wetu Jennifer Makumbi alikataliwa na wachapishaji Uingereza, wakidai riwaya yake *Kintu* ina Uafrika mno. Mswada huohuo ukashinda tuzo ya miswada ya Kwani?, wachapishaji wa Nairobi, mwaka 2013. Hakuupunguza Uuganda wake hata kidogo. Kwa hiyo dada, Panyimur ibaki.

Binti wa Arua
Asanteni sana. Bibi namwandika upya usiku huu. Mama Wawili, naweza kukutumia wewe kwanza?

Mama Wawili, Jinja
Tuma, ila iwe yote, usinikatie vipande. Jumapili nina nafasi.