Bahari ya Pemba inagawanywa Arusha, maoni ya wavuvi yanaishia kwenye dekio la hoteli

Wakuu, mods naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la utalii. Si wa utalii.

Mimi mzaliwa wa Kojani, Pemba. Arusha nina mwaka wa tisa, naishi Sakina, kazi yangu ukalimani wa mikutano. Wiki iliyopita niliitwa siku mbili kwenye mkutano wa kupanga matumizi ya bahari: wapi pavuliwe, wapi pafungwe, wapi meli zipite. Bahari ni ya visiwani, mkutano uko huku, mita 1,400 juu ya bahari hiyo, ukichungulia dirishani unauona Meru.

Wavuvi walikuwa watatu tu. Meli mpaka Unguja, boti mpaka Dar, basi mpaka huku. Mmoja, mzee wa makamo ya baba yangu, kashinda siku zote mbili na koti la kuazima kwa mlinzi, baridi ya Julai mnaijua.

Siku ya kwanza yote ilikuwa Shelisheli. Sikatai, Shelisheli wamefanya jambo. Mwaka 2016 deni lao la kama dola milioni 21 lilipangwa upya, nao wakaahidi kuhifadhi asilimia 30 ya bahari yao, ambayo yote inapita kilomita za mraba milioni 1.3. Machi 2020 wakatimiza, visiwa vyao vya Aldabra vikiwemo. Ila mtoa mada wa pale mkutanoni hakugusa kwamba upangaji wenyewe ulianza 2014. Miaka sita! Sisi tumepewa siku mbili, chai ikiwemo humo humo.

Halafu Shelisheli nzima ni watu laki moja na ushee. Zanzibar sensa ya 2022 ilitukuta karibu milioni 1.9, na wavuvi wetu wengi hawendi mbali, ni ngalawa, dema (mitego ya kusuka) na miamba ya karibu. Ukifunga bahari kuu, anayelia ni mwenye meli ya jodari. Ukifunga mwamba mmoja Pemba, kijiji kizima kinalala na chai kavu.

Siku ya pili ikabandikwa ramani ukutani. Kiingereza kitupu, rangi tano. Mzee akasogea, akaitazama sana, akaweka kidole kwenye rangi nyekundu. Akaniuliza: "Mwanangu, hapa ndipo twendapo dago wakati wa kaskazi. Rangi hii maana yake n'nini?" (Dago ni kuhamia kambi mbali na nyumbani kwa ajili ya kuvua.) Nikatafsiri. Mtaalamu akatabasamu, akasema hiyo ni rasimu, aandike maoni yake kwenye kikaratasi cha njano abandike. Mzee haandiki. Nikamwandikia mimi: jina la mwamba, miezi ya dago, samaki wanaopatikana. Jina la mwamba huo kwenye ramani halikuwepo, palikuwa na namba.

Wala msiniambie wavuvi hawataki hifadhi. Kuna vijiji Zanzibar vinafunga miamba ya pweza miezi kadhaa kwa hiari yao, wanalinda wenyewe usiku, siku ya kufungua ni kama sikukuu. Kule Andavadoaka, Madagaska, wameanza hivyo tangu 2004. Aliyefunga mwamba wake anajua kwa nini umefungwa na lini utafunguliwa. Huyu mzee angeambiwa na nani? Na boti ya doria?

Jioni nikarudi ukumbini kufuata chaja yangu. Wanapamba kwa ajili ya sendofu, ramani imeshakunjwa, vikaratasi vya njano vimetapakaa chini. Dada wa usafi anadeki, viwili vimenasa kwenye dekio lake. Nikaviokota. Kimoja mwandiko wangu.

Nikawapigia waandaaji. Wakajibu maoni yote "yamechukuliwa". Na nani, kama ninayo mimi mfukoni?

(Posho ya wale wazee nayo ilisemwa itatumwa kwa simu. Mpaka leo kimya.)

Mzee kanipigia jana kutoka Mkoani, anataka kujua kama karatasi yake imefika. Nimemwambia nafuatilia. Mwenye kujua rasimu inayofuata itajadiliwa wapi, aweke hapa, kikaratasi nakipeleka kwa mkono.