Wanaofuma sweta kwa mashine nyumbani, bei mnaipataje? Tupeane uzoefu

Mfumaji wa Jinja
Habari za kazi wenzangu. Sisi tuna mashine mbili za mkono hapo sebuleni, ya mama na yangu. Mdogo wangu anaunga mikono na kola. Mwaka jana tulipata oda ya sweta 200 za shule, tukakubali shilingi 15,000 za Uganda kila moja. Uzi ulikula kama 7,500 kwa sweta, tukasema hapa tumekula nusu kwa nusu. Kazi ikaisha, hela haionekani!

Nikashika kalamu. Mama anatoa sweta mbili kwa siku. Fundi wa kuajiriwa angetaka 10,000 kwa siku, yaani 5,000 kwa sweta. Kuunga, 2,000. Kodi, sindano za kubadilisha na boda, 1,500. Jumla 16,000. Kumbe kila sweta tulimtolea mwenye shule 1,000 kutoka mgongoni mwa mama. Nyinyi mnapigaje hesabu?

Baridi ya Kabale
Pole. Hiyo 7,500 uliipataje lakini? Wengi hupima sweta iliyokwisha na kusahau mfuko wa mabaki. Mimi napima vyote viwili. Sweta ya mtoto wa P4 (darasa la nne) kwangu ni gramu 250, lakini kilo moja haijawahi kunipa sweta nne. Kuna vipande vya kujaribia, na kuna siku ulimi wa sindano ya mashine unakatika ukiwa katikati ya mgongo wa sweta, vitanzi vinashuka mpaka chini, unafumua.

Na msishindane na mivumba, yaani mitumba. Mtu akiniambia sokoni kuna sweta ya 5,000, namwambia akanunue. Mivumba haiwezi kumpa sweta 40 za rangi moja zenye mstari wa shule yake shingoni.

Koni Moja Mbale
Mimi hasara yangu ilikuwa ya rangi. Uzi uliisha usiku, asubuhi nikaongeza koni ya uzi, duka lile lile, bluu ile ile. Ndani ya nyumba sikuona kitu. Watoto waliposimama gwaride juani, mikono ikawa bluu nyingine na kifua bluu nyingine. Nilifuma upya mikono ya sweta 32, bure. Siku hizi nanunua uzi wote wa oda kwa mkupuo, wa namba moja ya rangi, yaani uliotiwa rangi pamoja, na kwa hiyo sianzi bila malipo ya awali ya nusu. Shule inayokataa nusu, hata ile nyingine huwa inachelewa.

Dada wa Busia
Mmesahau ndugu wanaokopa. Shemeji yangu alichukua sita "nitalipa mwisho wa mwezi". Mwezi upi, hakusema.

Mfumaji wa Jinja
Dada wa Busia umenichekesha, wa kwetu alichukua nne.

Nimewasikia. Muhula huu tumepanda hadi 19,000. Shule moja ilikataa, moja ikakubali sweta 90 na kutoa nusu. Mama nikamlipa kwa kila sweta aliyofuma, kama fundi yeyote. Alipopokea bahasha yake ya kwanza alihesabu hela mara mbili, kisha akanirudishia 5,000. Akasema kuna sweta moja aliiharibu kola, hiyo hawezi kuilipisha.