Naomba ushauri: njia ya kupita juu ya matangi ya kahawa, chuma au faibaglasi?

Wakuu, habari za kazi. Mtambo wetu wa kuosha kahawa uko Mbozi. Njia ya juu ya matangi ni ya mbao, na ule ute wa kahawa ukiimwagikia, hata mwenye gambuti anateleza. Fundi anashauri bati la chuma lenye vinundu. Mimi sikubali: maji ya kahawa iliyochacha yana asidi, chuma kitalika.

Naegemea vichanja vya faibaglasi vyenye chenga za mchanga juu. Havishiki kutu na maji yanapita. Ila hunepa kuliko chuma, na vijana hupita na viroba begani. Waliofunga, mihimili mliiachanisha kiasi gani? Resini (ile gundi inayoshikanisha nyuzi za faibaglasi) ya poliesta inatosha, au nitafute ya vinaili esta? Rangi ya kuchanganya na mchanga msinitajie, kwenye mbao mbichi inabanduka.