Mtu anasimamisha muvi kwenye msiba wa T'Challa ili atusomee mapato! Na wote mnamjua

Wakuu, naandika nikiwa kwenye daladala, natoka Tabata, na mikono bado inatetemeka. Nisipoyatoa haya leo nitapasuka.

Simtaji. Sina haja ya kumtaja. Ukishawahi kuingia hapa kusoma habari ya muvi yoyote ya mashujaa, unamjua. Ni yule ambaye trela ikitoka asubuhi, kabla supu haijaiva keshatangaza kuwa muvi imekufa. Yule wa asilimia. Yule anayelala na kikokotoo chini ya mto, anayejua tiketi zimeuzwa ngapi Ohio lakini hajui unga unauzwaje dukani kwao. Ndiye huyo huyo.

Leo tulichanga. Tukakodi projekta, tukatundika shuka jeupe ukutani, uani kwa mwenyeji wetu, viti vya plastiki vikapangwa, bisi, soda, mishikaki ikawekwa jikoni. Ratiba ilikuwa Black Panther zote mbili mfululizo, ile ya 2018 kisha Wakanda Forever ya 2022. Nikaja na mdogo wangu wa kike. Huyu binti tangu Chadwick Boseman, aliyecheza T'Challa, mfalme wa Wakanda, afariki Agosti 2020 hakuwahi kuthubutu kuiangalia ya pili. Nikambembeleza, nikamwambia twende, tutakuwa na watu wanaoelewa.

Ya kwanza tuliiangalia vizuri kabisa. Lupita alipotokea, ua mzima ulipiga vigelegele hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. Hakuna aliyeuliza ameuza tiketi ngapi.

Ikaanza ya pili. Mnajua inavyoanza. Shuri anahangaika maabara kumtafutia kaka yake T'Challa dawa, hawahi, mfalme anafariki bila hata kuonyeshwa. Wakanda nzima imevaa meupe, jeneza linabebwa, ngoma zinapigwa. Halafu inakuja nembo ya Marvel, studio yenyewe, na mara hii picha zote ndani yake ni za Boseman. Hakuna muziki. Kimya. Uani pale ungesikia mkaa unavyolia jikoni. Mdogo wangu analia, kajifunika upande wa khanga.

Hapo ndipo alipochukua rimoti.

Akasimamisha muvi! Akawasha simu, mwanga wake ungetosha kuongoza meli kuingia bandarini, akakohoa, akasema: "Jamani, kabla hatujaendelea, mjue hii ilishuka karibu nusu bilioni ukilinganisha na ya kwanza."

Nusu bilioni. Kwenye kimya cha marehemu. Ni sawa na mtu aingie msibani, jeneza bado liko ndani, aanze kuuliza rambirambi zimefika ngapi na msiba wa mwaka juzi ulikusanya ngapi.

Na hakuishia hapo. Ya kwanza dola bilioni 1.3 na ushee, hii milioni 859. Anayataja mabilioni ya Wamarekani na mchango wake wa bisi mpaka sasa hajatoa! Akahamia Avengers: Doomsday, inayotarajiwa Desemba 18, 2026, akaapa hata Robert Downey Jr. akirudi akiwa Doctor Doom hawafikii mapato ya Avengers: Endgame ya 2019. Muda wote huo picha imeganda ukutani, naye kasimama mbele ya projekta, kivuli cha kichwa chake kimeangukia usoni kwa Boseman. Usoni kabisa. Mdogo wangu akanyanyuka akaenda kukaa getini, hakurudi tena.

Nimuulize kitu kimoja tu. Venom ya 2018 iliingiza zaidi ya dola milioni 850. Mwaka huo huo Spider-Man: Into the Spider-Verse haikufika hata milioni 400, na ndiyo iliyobeba Oscar ya katuni. Ipi watu wanairudia mpaka leo? Na hayo mapato yenyewe studio haiyabebi yote, kumbi za sinema zinabaki na karibu nusu. Sasa wewe wa Tabata unagawiwa shilingi ngapi mpaka utusimamishie muvi?

Lakini achaneni na hesabu. ALISIMAMISHA. Angesema mwishoni ningemsikiliza. Angesema wakati wa mapigano, ningevumilia. Amechagua palepale ambapo waliotengeneza muvi wenyewe waliona hapafai hata muziki.

Nataka apigwe marufuku kushika rimoti mkoa mzima wa Dar es Salaam, na Pwani pia, mpaka Kibaha.

---

Kobe Mstaafu:
Nimewahi kiti cha mbele. Endeleeni.

Binti wa Tandika:
Nilikuwepo, na kila neno hapo juu ni kweli. Tena mleta mada kapunguza. Alisema "sekunde moja tu", mishikaki ikapoa, barafu kwenye soda ikayeyuka, mbu wakatumaliza miguu, yeye bado yuko Uchina anatafuta tiketi.

Chumvi Nyingi:
Mleta mada pole, ila mtu mzima na ndevu zako unatetemeka kwenye daladala kwa sababu ya mfalme wa nchi ambayo haipo kwenye ramani? Tuliza mshono.

Mleta mada:
Boseman yupo kwenye ramani. Alikuwa na miaka 43, aliumwa saratani ya utumbo mpana akaendelea na kazi bila kuwatangazia watu. Picha iliyokuwa ukutani ni yake yeye, binadamu aliyekufa. Ndiyo maana nimechemka, na bado nachemka.

Bisi za Jero:
Chumvi Nyingi hapo umepigwa, kaa chini.

Mwendokasi wa Kimara:
Huyo mtabiri wenu ndiye aliyetuapia hapa hapa kwamba The Marvels itavuka bilioni eti kwa sababu Captain Marvel ya 2019, iliyoitangulia, ilivuka. Ikaishia milioni 206. Akapotea jukwaani kama wiki, akarudi na avata mpya. Halafu akasema Deadpool & Wolverine watu wameshachoka mashujaa, haitauza. Ikavuka bilioni 1.3. Angekuwa mganga angeshafukuzwa kijiji.

Kobe Mstaafu:
Superman ya 2025 alisema je?

Mwendokasi wa Kimara:
Alisema imekufa. Ilipovuka milioni 600 akasema imekufa taratibu.

Hesabu Hazidanganyi:
Wakuu, tuwe wakweli kidogo. Black Panther ya 2018 ilipata zaidi ya dola milioni 100 Uchina peke yake. Wakanda Forever ilifika Uchina Februari 2023, miezi mitatu baada ya dunia nyingine, na wakati huo ilishaingia mtandaoni, Disney+. Ukiangalia hilo, na ukikumbuka mhusika mkuu alishafariki, milioni 859 ni pesa nzito sana. Mtu aliyesema imeshuka hakutukana, alitoa taarifa. Wengine hata walimshukuru.

Bisi za Jero:
Walimshukuru nani na nani? Na mkuu, akaunti yako ina siku ngapi?

Hesabu Hazidanganyi:
Mada siyo mimi.

Binti wa Tandika:
Ni yeye. Toa hela ya bisi.

Hesabu Hazidanganyi:
Sijala bisi.

Binti wa Tandika:
Kama si wewe, mbona unajibu kana kwamba ulikuwepo? 😂😂😂

Kobe Mstaafu:
Nimeanguka kwenye kiti.

Mleta mada:
Kama ni wewe, sina ugomvi na namba zako. Uchina sijui Februari, sawa, nimekuelewa. Ninauliza jambo moja na unijibu: KWA NINI ULISIMAMISHA?

Hesabu Hazidanganyi:
Kulikuwa kimya. Mtu akiwa kimya anasikiliza vizuri.

Mleta mada:
Mnaona? Mnaona nilichokaa nacho leo?

Mtoto wa Mbagala:
Mnalalamikia kimya kuvunjwa na mtu mmoja, mimi niliiona hiyo muvi kwa mara ya kwanza ikiwa imetafsiriwa. Ilipofika hiyo nembo ya kimya, mtafsiri akaona sauti imekatika, akajaza nafasi yote kwa salamu za wateja wake. Boseman anapita pale kwenye picha, huku tunasikia "nawasalimu vijana wote wa bodaboda Rangi Tatu". Mpaka leo nikiiona nembo ile nawakumbuka bodaboda.

Chumvi Nyingi:
Mtafsiri asilaumiwe. Sisi wengine bila watafsiri tusingejua Thanos anagombana na nani. Lawama ziende kwa wanaorekodi kwa kamera ndani ya ukumbi. Spider-Man: No Way Home niliyouziwa kwenye flashi, pale buibui watatu, yaani Spider-Man wa zamani na wa sasa, wanapokutana, mtu ananyanyuka kwenda chooni, mgongo wake unajaza kioo. Nimeona suruali ya jinzi, sijaona Tobey Maguire, buibui wetu wa kwanza.

Mwendokasi wa Kimara:
Wewe angalau hukujua kabla. Mimi nilijitunza, nikazima data, nikawa nasalimia watu kwa ishara. Tiketi ninayo mfukoni. Nikafungua WhatsApp kumjibu mama tu, binamu yangu kaweka kwenye status buibui wote watatu wamesimama pamoja na maneno "SIAMINI". Na mimi nikaacha kuamini undugu siku hiyo.

Shangazi Mdogo:
Hao wote wana nafuu. Nyumbani kwetu kuna mtu, sisemi ni nani, tunamheshimu, anauliza maswali kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Huyu ndiye mbaya?" "Huyu si alikufa?" "Mbona kavaa nguo ya kubana hivyo mbele za watu?" Endgame nzima aliniuliza Hulk, lile jitu la kijani, anaumwa nini.

Bisi za Jero:
Hulk anaumwa nini 😂 Huyo mama mleteni jukwaani tumpe uongozi.

Mjukuu wa Buguruni:
Hakuna kosa kubwa duniani kuliko wanaowasha taa za ukumbi kabla ya ile sehemu inayokuja katikati ya majina ya mwisho. Hiyo hiyo Wakanda Forever, watu wameinuka, taa zinawaka, fagio linapita miguuni, na kule mbele Shuri yuko Haiti anakutana na mtoto wa kaka yake! Nimemfahamu mtoto wa T'Challa huku nainua miguu nipishe makombo.

Mleta mada:
Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu alisimamisha muvi.

Kobe Mstaafu:
Tumesikia mkuu, alisimamisha. Ila Endgame ndiyo muvi iliyoingiza hela nyingi kuliko zote duniani, hilo tukubaliane.

Hesabu Hazidanganyi:
Siyo kweli. Endgame iliipita Avatar Julai 2019. Machi 2021 Avatar ikarudishwa kumbini Uchina, ikachukua tena nafasi yake.

Kobe Mstaafu:
Avatar ni watu wa bluu wanaopanda ndege wa ajabu, siyo mashujaa. Hawahesabiwi.

Hesabu Hazidanganyi:
Fedha haina rangi.

Mtoto wa Mbagala:
Kurudishwa kumbini ni kuongezewa muda baada ya filimbi. Na Endgame nayo si iliongezewa dakika kadhaa za mwisho ili ipande? Wote wezi.

Chumvi Nyingi:
Hapo sasa mmeanza ya Simba na Yanga. Mimi natoka.

Kobe Mstaafu:
Usitoke, hujatuambia hiyo jinzi ilikuwa ya rangi gani.

Mleta mada:
Mdogo wangu hadi sasa hajaimalizia hiyo muvi. Nimemuuliza kama anataka tuiangalie nyumbani, amesema kila akifumba macho anaona kile kichwa.

Binti wa Tandika:
Mpe pole sana dada yetu. Mwambie aje kwangu Jumamosi, tutaiangalia wanawake watupu, na rimoti naikalia mimi.

Shangazi Mdogo:
Naomba nafasi. Nimwache yule wa maswali nyumbani.

Mjukuu wa Buguruni:
Samahani nje ya mada kidogo, hiyo projekta mlikodi wapi? Inapatikana Jumamosi?

Binti wa Tandika:
Njoo inboksi. Ila Jumamosi imeshachukuliwa, inakwenda Kimara kwenye kicheni pati. Sisi tutatumia runinga.

Mjukuu wa Buguruni:
Kicheni pati na projekta wapi na wapi?

Binti wa Tandika:
Wanaonyesha picha za bibi harusi tangu akiwa mchanga. Siku hizi ndivyo.

Bisi za Jero:
Na hela ya projekta wanatuchangisha sisi! Kuna mtu ameniingiza kwenye kundi la harusi yake, sijawahi hata kula naye chipsi, tumeonana mara moja kwenye foleni ya benki. Kadi ya mtu mmoja laki moja.

Mwendokasi wa Kimara:
Laki moja umepona. Mimi nimewekwa kwenye kamati. Kila usiku mwenyekiti anatuma orodha ya ambao hawajatoa, majina kwa herufi kubwa, langu la kwanza. Nikitoka kwenye kundi wananirudisha.

Shangazi Mdogo:
Na wanaosema "ahadi ni deni" hapo hapo chini ya jina lako! Ngoja niwaelezee ya mwezi uliopita, huyo wangu alinifuata hadi kazini.

Chumvi Nyingi:
Nimerudi. Elezea taratibu, na kadi ilikuwa ya bei gani?