Je, utani una nafasi kwa mgonjwa anayetibiwa saratani?

Dada Mkubwa (Dar es Salaam)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kike anatibiwa saratani ya matiti, na tangu aanze tibakemikali anaishi kwangu ili asilazimike kusafiri kutoka Songea kila baada ya wiki tatu. Sisi ni Wangoni na mume wangu ni Mhehe, kwa hiyo yeye na mdogo wangu ni watani mara mbili: kwa ushemeji, na kwa makabila yetu yaliyopigana vita katika karne ya 19 kisha yakaachiana utani unaodumu mpaka leo.

Nywele zake zilipoanza kunyonyoka baada ya dripu ya kwanza, alishinda chumbani akiziokota moja moja kwenye mto. Mume wangu akasimama mlangoni akamwambia: “Sisi Wahehe Wajerumani walituchukulia fuvu la Mkwawa, tukalisubiri mpaka mwaka 1954 ndipo likarudi Kalenga. Wewe Mngoni umechukuliwa nywele tu, utashindwa kuzisubiri?” Mdogo wangu alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akamjibu kwamba dawa zimemfanya asivumilie harufu za jikoni, hivyo kile kitoweo cha kwao akakipikie Iringa. Siku hiyo alikula ugali kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Mama yetu alikuwa sebuleni na aliyasikia yote. Alikasirika sana, akasema kwamba maradhi haya hayafanyiwi mzaha, na mpaka sasa anamjibu mkwewe kwa mkato. Tangu dripu ya pili mdogo wangu naye amenyamaza, na hata utani uliokuwa ukimchangamsha haujibu tena. Ninaomba ushauri wa waliopitia haya: tuuache utani au tuendelee nao, na mimi ambaye ni dada yake wala si mtani wake nimsaidieje?

Kilemba

Pole sana, dada, na umfikishie mgonjwa salamu zangu. Nilitibiwa saratani hiyo hiyo katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ninakuambia kwa dhati kwamba bila kicheko cha wanawake niliokuwa nikikaa nao kwenye dripu ningeiacha tiba njiani. Moja ya dawa zetu, doksorubisini, ni nyekundu, na kila muuguzi alipoitundika, mama mmoja wa Tanga aliyekaa kiti cha jirani aliniuliza kama rozela yangu ya leo imekolea sukari. Usiku wa kwanza nilipoona mkojo mwekundu nikadhani natokwa na damu, nilimpigia simu yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Alinituliza kwamba hiyo ni rozela inatafuta njia ya kutokea na kwamba itakwisha baada ya siku moja au mbili, na asubuhi muuguzi alithibitisha kwamba kweli ni rangi ya dawa.

Utani wetu ulikuwa na mipaka ambayo hakuna aliyeitangaza lakini kila mmoja aliijua. Tulitania vipara, chakula kilichogeuka ladha kikawa kama chuma mdomoni, na sidiria tulizozijaza pamba baada ya upasuaji. Hatukutania kifo, wala hatukumtania mtu aliyekuwa akisubiri majibu ya vipimo. Aliyekosekana siku yake ya dripu tulimpigia simu kwanza, na hakuna aliyefungua mdomo kuchekesha mpaka tupate habari zake. Kwa hiyo, dada, wa kuulizwa ni mdogo wako. Mwache yeye afungue mlango wa mzaha, nanyi mwingie hapo hapo.

Mwana wa Kigoma

Ninaheshimu maneno ya Kilemba, lakini naomba upande wa pili usikike. Mama yangu mzazi alipotibiwa saratani ya mlango wa kizazi, alikwenda kwenye mionzi Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na kila jioni nyumba ilijaa ndugu waliokuja kumchangamsha. Walikuja kwa mapenzi, sikatai. Hata hivyo, mama alijiona ana wajibu wa kucheka ili wageni wasiondoke na huzuni, na walipokwishaondoka alikuwa amechoka kuliko alivyorudi kutoka hospitali. Aliyemfaa kweli ni jirani mmoja aliyekuja na ungo wake, akakaa mkekani akichambua mchele wetu, akazungumza pale tu mama alipozungumza. Ukimya wa mdogo wako usiharakishe kuutibu kwa vichekesho vingi zaidi, na wewe usijilazimishe kuwa mtani, kwa kuwa nafasi ya dada ni kubwa na inamtosha.

Mzee wa Kalenga

Mume wako hakukosea kumtania shemeji yake, wala hakukosea kumtania Mngoni. Alikosea kumtania huku mama mkwe akisikia. Mbele ya mkwe mtu hutunza ulimi wake, hata nyumba iwe yake. Atafute mtu mzima wa kumsindikiza, aende kwa mama akaombe radhi kwa adabu, na nadhani utaona kwamba hasira ile haikuhusu saratani peke yake.

Muuguzi

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa, nalo ni la haraka. Kabla hamjaamua kwamba amekata tamaa, mwangalieni mdomo. Tibakemikali mara nyingi huleta vidonda kwenye ulimi na ndani ya mashavu, na mtu mwenye vidonda hivyo huumia anapocheka, anapomeza na hata anapoitikia salamu. Asukutue kwa maji yaliyochanganywa na chumvi kidogo, aepuke pilipili na ndimu, na aseme kliniki ili apewe dawa. Mjue pia kwamba katika wiki ya pili baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka sana, hivyo mgeni mwenye mafua asiingie chumbani, na joto la mwili likifika nyuzi 38 apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kicheko hakiondoi uvimbe na hakichukui nafasi ya dawa, lakini nimewaona wengi wakiimaliza tiba kwa sababu palikuwa na mtu wa kucheka naye.

Dada Mkubwa

Nimewasoma nyote, na nawashukuru kutoka moyoni. Nilimwangalia mdomo jana kwa tochi ya simu, na kweli upande wa ndani wa shavu la kushoto umechubuka wote. Alikuwa akinificha kwa kuhofia kwamba dripu itaahirishwa. Leo tumekwenda kliniki tukapewa dawa ya kusukutua. Nilipomuuliza kuhusu utani, alisema anautaka, ila shemeji amtumie kwa sauti kwenye simu ili ausikilize wakati wake na amjibu akipata nguvu. Mume wangu amempata mjomba wa kumsindikiza kwa mama Jumapili. Kilemba, mdogo wangu anauliza kama unaweza kuzungumza naye kabla ya dripu ya tatu, maana ana maswali kuhusu hiyo rozela ambayo hataki kuniuliza mimi.