Mti mmoja wa Krismasi kwa watoto wa familia mbili: tuanzie wapi?

Mama wa Njiro aliuliza:

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaomba ushauri katika jambo ambalo kwa mtu wa nje linaweza kuonekana dogo, lakini hapa nyumbani limekwisha kutuletea ukimya mezani. Mwaka huu nilifunga ndoa na mwanamume aliyefiwa na mkewe. Yeye ana mabinti wawili, wa miaka 13 na 10, nami nilikuja na mwanangu wa kiume wa miaka 8, na hii ndiyo Krismasi yetu ya kwanza pamoja hapa Arusha. Mwanangu amezoea mti wa plastiki unaosimamishwa mwanzoni mwa Desemba, wenye taa za rangi zinazowaka na kuzimika. Mabinti wamezoea mti mbichi wa saipresi unaokatwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa babu yao huko Kilema, Kilimanjaro, nao haupambwi mpaka tarehe 24, kwa kuwa marehemu mama yao, Mkatoliki aliyeshika sana taratibu, hakutaka Noeli iingie nyumbani kabla Majilio, yaani majuma ya kuingoja Krismasi, hayajaisha. Sisi Walutheri wa upande wangu hatukuwa na mwiko huo.

Kubwa zaidi ni boksi la mapambo. Marehemu alifuma kwa uzi mweupe nyota na malaika wadogo, akavitia wanga vikakakamaa, na nyuma ya kila kimoja ameshona mwaka kwa uzi mwekundu. Binti mkubwa analiweka boksi hilo chini ya kitanda chake na hataki liguswe. Mume wangu anashauri tununue kila kitu kipya ili pasiwe na cha huyu wala cha yule, lakini moyo wangu unasita. Wenye familia za namna hii mlifanyaje?

Kitindamimba wa Rombo alijibu:

Shikamoo mama. Mimi nililelewa na mama wa kambo tangu nikiwa darasa la nne, kwa hiyo nitasema kutoka upande wa mtoto. Tafadhali msinunue kila kitu kipya. Baba anatafuta usawa, na nia yake ni njema, lakini kwa mtoto aliyefiwa na mama, nyumba iliyosafishwa kila alama humwambia kwamba mama yake ameondolewa mara ya pili, na safari hii kwa mikono ya watu anaowapenda. Vilevile, usimwombe boksi hilo, hata kwa upole, kwa maana akikubali kwa heshima tu atakuwa ametoa kitu ambacho hakuwa tayari kukitoa. Baba yake ndiye amwambie, wewe ukiwapo, kwamba boksi ni mali yake na ya mdogo wake, na kwamba litafunguliwa siku watakayotaka wao.

Mama aliyetulea alifanya jambo moja ambalo sijalisahau: siku ya kupamba alituuliza mimi na dada yangu kama mama yetu alikuwa akianzia juu au chini, kisha akasubiri jibu na kufuata tulivyosema. Hakujifanya yeye ndiye mama yetu wala hakutuzuia kumtaja. Na mwanao pia asisahauliwe, kwa sababu watu wazima huwaangalia sana waliofiwa, na mtoto aliyehamia nyumba ya wengine akabaki hana anachoweza kukiita chake.

Katekista alijibu:

Kuhusu tarehe, ninaona mnaweza kukutana bila mtu kushindwa. Majilio yana Jumapili nne, na shada la mishumaa minne ambalo leo huwekwa hata katika makanisa yetu ya Kikatoliki lilitokana na lile lililoanzishwa na mwanateolojia wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, mjini Hamburg mwaka 1839, kwa ajili ya watoto aliokuwa akiwalea katika makao yake. Mwanao na apewe kazi ya kuwasha mshumaa kila Jumapili, ili awe na lake tangu mwanzo wa Desemba, na mti usubiri mkesha.

Fundi Bustani alijibu:

Dada, nendeni wote watano Kilema mkauchague mti, wala msitumiwe kwa gari. Ongeeni kwanza na babu, na mumuulize mtendaji wa kijiji kama kibali kinahitajika. Mkifika nyumbani, kateni upya sentimita 2 au 3 za shina, kwa sababu utomvu huganda na kuzuia maji, kisha msimamishe katika ndoo ya mchanga na kokoto, mkiumwagilia kila siku. Taa ziwe za LED, ambazo hazipati joto kali, na zizimwe mnapolala. Ningeongeza jani la isale, kwa kuwa kwetu Wachaga ni alama ya amani.

Kitindamimba wa Rombo alijibu:

Kaka, kwa heshima, hilo la isale silikubali. Isale hupelekwa na aliyekosa anapomwomba msamaha aliyemkosea, na watoto hawa hawajakoseana. Tukilitundika kama pambo, tunawatwika ugomvi usiokuwapo.

Mama wa Njiro aliandika:

Asanteni sana, nimesoma kila neno pamoja na mume wangu, naye pia amesema isale libaki kihambani. Tutakwenda Kilema Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi. Mwanangu ameukubali mti mbichi kwa sharti moja, kwamba taa zake za rangi zifungwe juu yake na azifunge yeye mwenyewe, na binti mdogo ameahidi kumshikia ngazi. Habari ya boksi sitaigusa tena. Baba yao atazungumza na binti mkubwa Jumapili hii baada ya misa, nami nitakuwapo.