Bango la "Nyumba Inauzwa" Kimara Temboni: nilisimike wapi lisije likang'olewa?

Temboni_Juu (mwanzisha uzi):
Wakuu, salaam. Kuna nyumba ya familia Kimara Temboni, ndani kama mita 400 kutoka Morogoro Road. Tunataka kuiuza bila madalali. Nawaza bango moja getini, na jingine dogo la mshale pale njia inapochepuka kutoka barabara kubwa. Yote mawili yanahitaji kibali? Halafu ukuta wa mbele bado una picha za wagombea tangu kampeni za Oktoba 2025, mvua imezila nusu nusu. Nikizibandua sitaonekana nina chama? Naomba vipimo kabisa, fundi wa kuchomelea ananisubiri.

Mpima_Ardhi:
Mwambie fundi atulie kwanza. Kabla ya ukubwa na rangi, jiulize nguzo inasimama kwenye ardhi ya nani.

La getini ni jepesi. Likilala bapa kwenye ukuta au geti, ndani ya mpaka wako, watu wa barabara hawana neno nalo. Kosa la wengi ni kulichomoza likaning'inia juu ya mtaro au njia ya waenda kwa miguu. Hapo limeshatoka kwako hata kama nondo zimeshikwa na ukuta wako.

Ila matangazo ya nje yako chini ya manispaa, kwa hiyo pitia Manispaa ya Ubungo uulize kama la ukubwa wako linalipiwa. Ada huangalia ukubwa, ndiyo maana usiende na maneno matupu. Beba picha ya ukuta, mchoro wenye urefu na upana, maneno yatakayoandikwa, nakala ya hati au leseni ya makazi, na barua ya serikali ya mtaa. Ukiambiwa ulipe, lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu na utunze stakabadhi. Anayetaka hela mkononi hapo mtaani hakupi kibali, anakupa maneno.

Mkazi_Stopover:
La mshale nalo rahisi. Pima mita 30 kutoka katikati ya barabara, simika hapo, umemaliza.

Mpima_Ardhi:
@Mkazi_Stopover usimtose mwenzio. Mita 30 kila upande ni kipimo cha jumla cha hifadhi ya barabara kuu (eneo la pembeni lililotengwa kwa ajili ya barabara) tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Kabla yake ilikuwa 22.5. Ndiyo asili ya zile X mbili zinazopakwa kwenye kuta za nyumba: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, kijani kwa aliyekutwa na nyongeza na anayestahili fidia. Lakini Morogoro Road kuanzia Kimara kwenda Kiluvya ina kipimo chake, mita 121.5 kila upande, na ndicho kilichotumika kwenye bomoabomoa ya 2017. Mita 30 hapo Temboni bado uko katikati ya hifadhi. TANROADS (wakala wa barabara kuu) wakipita kusafisha, bango linapanda gari na fremu yake.

Njia mbili zimebaki. Andika barua kwa TANROADS mkoa wa Dar es Salaam uombe, ukiambatanisha mchoro wa eneo. Au, na mimi ningeanza na hii, tafuta mwenye duka au nyumba iliyo nje ya hifadhi, mwombe ukuta wake kwa maandishi: ukubwa, muda, na nani ataliondoa. Akiwa mpangaji, sahihi itoke kwa mwenye nyumba. Ukiingia mtaani barabara zina msimamizi mwingine, nyingi ni za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), na hifadhi zake ni nyembamba, lakini nazo zipo.

Nguzo za TANESCO, alama za barabarani na vituo vya mwendokasi usiguse kabisa. Na kwenye kona, bango la usawa wa macho ya dereva linaficha bodaboda inayokuja. Hilo hata likiwa kwenye ardhi yako utaambiwa ulitoe, na kwa haki.

Chuma_na_Rangi:
Kwa getini, sentimita 60 kwa 90 inatosha. Fremu ya square pipe ya inchi moja, bati bapa juu yake, rangi ya kuzuia kutu kwanza (hasa kwenye maungio yaliyochomelewa, kutu huanzia hapo), kisha rangi ya mafuta. Ukutani tumia skrubu na plagi nne, usipigilie misumari kwenye plasta. Plasta inaachia, bango linabaki linacheza.

Ukipenda bana (banner) ya plastiki, kingo zikunjwe mara mbili na matundu ya chuma yawekwe kila nusu mita. Matundu manne tu ya pembeni hayatoshi. Upepo unaijaza kama tanga na kona moja inachanika wiki ya kwanza. Funga kwa kamba inayonyumbuka kidogo, waya unakata.

Herufi za sentimita 10 dereva anazisoma vizuri akiwa kama mita 30. Andika NYUMBA INAUZWA, namba ya simu, basi. Watu hujaza vyumba, choo, kisima, mwisho hakuna kinachosomeka.

Bi_Msahihishaji:
Kuhusu picha za wagombea. Kampeni zikiendelea, usichane bango la mtu hata likiwa kwenye ukuta wako. Kuharibu mabango ya wagombea kunakatazwa, na utaonekana mpinzani wa fulani. Wakati huo unaenda ofisi ya tawi la chama husika waje watoe wenyewe, au serikali ya mtaa. Sasa uchaguzi umeshapita, ukuta ni wako, safisha. Toa zote siku moja, za vyama vyote. Ukibakiza moja ndipo maswali yanapoanza.

Jinsi ya kutoa: za karatasi zilizobandikwa kwa gundi ya unga, lowesha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, subiri dakika 15 hadi 20, lowesha tena, kisha kwangua kwa kitu cha plastiki. Ukikwangua kavu, rangi ya maji inatoka nayo. Za stika zinataka joto la drai ya nywele. Gundi inayobaki mafuta ya taa huitoa, lakini jaribu kwanza kwenye kona iliyojificha, maana huacha doa kwenye rangi ya maji. Ukuta wa chokaa usihangaike nao, kwangua na upake upya upande mzima, viraka vinaonekana.

Na umesema nyumba ya familia. Kama ni mirathi, msimamizi awe ameshateuliwa na mahakama kabla ya bango kupanda. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenza inatakiwa. La sivyo utaamka ukute ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, na mwandishi ni ndugu yako.

Temboni_Juu:
Nimewasoma. Nguzo nimeifuta, fundi anatengeneza fremu ya ukutani 60 kwa 90. Mshale naongea na mwenye duka la vifaa, kwanza nipime kama kweli yuko nje ya hizo 121.5.

Mpima_Ardhi:
Pima kwa futi ya kamba kuanzia katikati ya barabara yote, siyo ukingo wa lami ya upande wako. Barabara imepanuliwa hapo, usihesabu njia za upande mmoja tu.